Njaa Iliyojificha Katika Nchi ya Migomba

Katika kitabu hiki cha Jubilei wasomaji watakuta habari za makanisa yaliyojengwa, za mapadre na masista waliotutangulia katika imani, na za shule zilizofunguliwa. Ni haki mambo hayo yaandikwe, watoto wetu wasije wakayasahau. Lakini iko habari nyingine isiyoandikwa katika daftari za ubatizo wala kuchongwa juu ya jiwe la msingi, nayo ni habari ya chungu cha jikoni. Watu wa nchi hii walikula nini zamani, wanakula nini leo, na mabadiliko hayo yameifanyia nini miili ya watoto wao? Asidhani mtu kwamba jambo hili haliihusu dini. Injili yatuambia kwamba Bwana wetu alipomfufua binti Yairo hakuishia kwenye mwujiza. Aliagiza mtoto apewe chakula.

Shibe si afya

Mgeni asafiriye kutoka Bukoba hadi Muleba, akipitia Muhutwe na Kamachumu, huona migomba kulia na kushoto, kijani kitupu, na mvua isiyokawia. Husema moyoni, "Nchi hii haijui njaa." Nasi wenyeji twapenda kusikia maneno hayo. Tena yana kweli ndani yake, kwa maana njaa ile ya ukame, iwafanyayo watu kuhama na watoto wao, si desturi ya mwambao wetu.

Walakini watoto walipopimwa nchini kote katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 na 2016, ilionekana kwamba katika mkoa wa Kagera watoto 41.7 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa pungufu kuliko umri wao. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta hesabu hiyo imeshuka mpaka 34.3 katika 100. Tumshukuru Mungu kwa kushuka huko. Lakini katika nchi nzima hesabu ya mwaka ule ilikuwa 30. Basi sisi wenye migomba tulikuwa na watoto waliodumaa wengi kuliko kadiri ya nchi yote, ambamo mna mikoa mingi yenye mvua haba.

Imekuwaje? Sababu ni kwamba shibe na afya si kitu kimoja. Ndizi ya kupika ni chakula chema. Hutia nguvu za kufanyia kazi, nayo ina madini ya potasiamu kwa wingi. Lakini ina protini kidogo sana, mafuta kidogo sana, na chuma kidogo. Mwili wa mtoto wataka vitu vitatu: cha kutia nguvu, cha kujenga, na cha kulinda. Akipewa ndizi tupu asubuhi, ndizi tupu mchana na ndizi tupu usiku, amepata cha kwanza, akakosa viwili. Tumbo limejaa, mwili una njaa. Wala mtoto huyo halii kama aliyekosa chakula. Ndiyo maana njaa hii hukaa nyumbani miaka mingi bila kutambuliwa. Wataalamu wameipa jina la utapiamlo, na ile sehemu yake isiyoonekana kwa macho, yaani kukosa vitamini na madini, huitwa njaa iliyofichika.

Kibanja cha wazee wetu

Wako wasemao kwamba hali hii imetokana na ujinga wa wazee. Nadhani wanawaonea. Tutazame jinsi kibanja kilivyokuwa.

Udongo wa mwambao wa ziwa si tajiri kwa asili. Mvua ya Bukoba hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka, nayo huosha rutuba na kuipeleka chini sana. Toka kibanjani uingie rweya, yaani uwanda wa nyasi, utaona ardhi imeota majani membamba tu. Mvua ni ile ile, jua ni lile lile; tofauti imeletwa na mikono ya watu. Vizazi kwa vizazi walikata majani ya rweya wakayatandaza chini ya migomba. Walichukua samadi ya ng'ombe, majivu ya jikoni na maganda ya ndizi, wakaurudishia udongo kile walichokuwa wamekitwaa. Kwa hiyo kibanja si zawadi ya asili tu; ni jasho la wahenga lililogeuka udongo mweusi.

Tena mgomba haukukaa peke yake. Chini yake yalipandwa maharagwe, na kandokando maboga, magimbi na viazi vikuu. Huko rweya wanawake walilima njugu mawe. Mwenye ng'ombe alipata maziwa, na jirani yake asiye na ng'ombe aliweza kupata samadi kwa udugu au kwa kazi. Ziwa lilitoa samaki. Na senene waliposhuka, hasa katika miezi ya Novemba na Desemba, nyumba nyingi zilipata chakula chenye protini na mafuta bila kulipa hata senti.

Nacho chungu kilifuata kibanja. Maharagwe yalitangulia chini, ndizi zikapangwa juu yake, yakafunikwa kwa majani ya mgomba, vikaiva pamoja. Mama aliyepika hivyo hakujua neno protini, lakini mkono wake ulijua kazi yake.

Sisemi kwamba mambo yote ya kale yalikuwa mema. Kulikuwa na miko iliyowanyima chakula wale waliokihitaji kuliko wengine. Katika nyumba nyingi mwanamke alikatazwa kula kuku, na mayai, na hata senene ambao yeye mwenyewe alikuwa amewaokota na kuwakaanga. Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha ndio wapaswao kula vyakula vya kujenga mwili kuliko wote, nao ndio walioambiwa waviache kwa ajili ya wanaume. Mwiko huo umelegea siku hizi, lakini haujafa kila mahali. Pengine umebadili sura tu, ukawa desturi ya kumpa baba mnofu na mtoto mchuzi.

Ng'ombe walipokufa

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, tauni ya ng'ombe iliyotoka pande za kaskazini, ilipita katika nchi zote za maziwa makuu, ikaua ng'ombe wasiohesabika. Miaka hiyo ndiyo ile Emin Pasha alipoweka kituo cha Wadachi Bukoba, mwaka 1890, na ndiyo ile Askofu Hirth na Mapadre Weupe walipotoka Buganda wakaanzisha misioni ya Kashozi, mwaka 1892. Basi kizazi cha Wakristo wetu wa kwanza kilisoma katekisimu katika nchi iliyokuwa imefiwa na mifugo yake. Sotoka yenyewe imekwisha kuondolewa duniani. Ilitangazwa hivyo mwaka 2011. Lakini pigo lake halikwisha siku ile ng'ombe walipozikwa, kwa sababu ng'ombe alipokufa maziwa yalikoma, na samadi ikakoma pamoja nayo. Kibanja kilianza kula akiba yake.

Ndipo ikaja kodi, nayo ilidai fedha. Kahawa ilikuwako kwetu kabla ya Wazungu, watu wakiitafuna kwa heshima ya mgeni na kwa agano la udugu. Sasa ikawa ya kuuzwa. Mibuni iliongezwa kibanjani, na bei iliponyanyuka katika miaka ya 1920 kila mwenye shamba alitaka kupanda zaidi. Kahawa ilijenga nyumba za bati, ikalipa ada za shule, ikachangia makanisa yetu, tusiitukane. Lakini ilitwaa nafasi na rutuba, na fedha yake iliingia mkononi mwa baba, ilhali maharagwe yalikuwa kazi ya mama. Kilichoongezeka ni fedha. Kilichopungua ni mboga ya mtoto. Tena watu waliongezeka, urithi ukagawanywa kwa wana, na wana wa wana, mpaka kibanja kilichokuwa kimelisha ukoo kikawa vipande visivyotosha nyumba moja.

Katika miaka ya 1970 na 1980 ndizi zenyewe zilianza kushindwa. Udongo uliochoka ulishambuliwa na fukusi wa migomba na minyoo ya mizizi. Mikungu ikawa midogo, watu wengi wakageukia muhogo, ambao una protini kidogo kuliko hata ndizi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu, na katika miaka iliyofuata nyumba nyingi zilibaki na bibi mzee na wajukuu, pasipo mikono ya kukata majani wala kupanda maharagwe. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria uozeshao ndizi kabla hazijakomaa, ulitangazwa kuwa umeingia Tanzania, nao ulianzia kwetu, Muleba.

Ziwa nalo lilibadilika. Sangara, samaki aliyepandikizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, alizidi sana katika miaka ya 1980 akawala furu, wale samaki wadogo waliokuwa kitoweo cha watu wa kawaida. Minofu ya sangara husafirishwa Ulaya. Wamebaki dagaa, nao ni hazina kubwa, lakini wengi wao huishia katika chakula cha kuku.

Kwa hiyo chungu chetu hakikupungukiwa siku moja. Kilipungukiwa kidogo kidogo, kwa muda wa miaka zaidi ya mia: kwanza maziwa, kisha maharagwe, kisha furu. Ndizi ilibaki, na kwa kuwa ilibaki, hatukuona kilichoondoka.

Jinsi wataalamu walivyoitambua njaa hii

Wala si sisi tu tuliochelewa kuona. Ulimwengu mzima ulichelewa. Mabaharia wa Ulaya walikufa kwa maelfu kwa kiseyeye, fizi zikivimba na kutoka damu, matumbo yao yakiwa yameshiba biskuti. Mwaka 1747 tabibu James Lind aliwapa mabaharia wagonjwa dawa mbalimbali, akaona kwamba wawili waliokula machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Christiaan Eijkman, akiwa Java, aliona kuku walioshwa mchele uliokobolewa sana wakilegea miguu kama wagonjwa wa beriberi, na wakipona walipopewa mchele wenye ganda lake. Mwaka 1912 Casimir Funk akavipa jina vitu hivyo vidogo visivyoonekana: vitamini.

Habari iliyo karibu nasi zaidi yatoka Afrika yenyewe. Mwaka 1933 daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, aliandika juu ya watoto wenye miguu iliyovimba, ngozi inayobambuka, nywele zilizogeuka rangi, na uso wa huzuni. Aliwasikiliza akina mama wa huko, naye akautwaa ugonjwa kwa jina lao wenyewe, ambalo kwetu limekuwa kwashakoo, au unyafuzi. Katika lugha ya Waga wa Accra jina hilo laeleza ugonjwa umpatao mtoto mkubwa mdogo wake anapozaliwa. Akina mama hao walikuwa wamekwisha kuona chanzo: mtoto ameachishwa ziwa la mama, akapewa chakula cha kujaza tumbo tu.

Katika miaka ya 1940 na 1950 matabibu wa hospitali ya Mulago, Kampala, mmoja wao Hugh Trowell, waliuchunguza sana ugonjwa huo. Na kwa nini Buganda? Kwa sababu Waganda, ndugu zetu wa jirani, hula ndizi kama sisi. Mwaka 1965 palifunguliwa hapo Mulago kituo cha lishe kiitwacho Mwanamugimu, jina lenye maana ya mtoto mwenye afya. Humo mama hakupewa dawa na kurudishwa tu. Alifundishwa kuchanganya ndizi na maharagwe, karanga, samaki na mboga katika chakula kimoja kiitwacho kitobero. Matabibu wa leo wanatuambia kwamba kwashakoo haitokani na ukosefu wa protini peke yake. Magonjwa ya kuambukiza na ukosefu mwingine huungana nao. Lakini fundisho la chungu chenye mchanganyiko halijatanguka.

Na hapa twaona jambo la ajabu. Kile kilichofundishwa kama elimu mpya kilikuwa kwa sehemu kubwa chungu cha bibi zetu.

Dalili katika vijiji vyetu

Yafaa wazazi na walimu wazijue dalili. Mtoto asiyeona vizuri jioni, akajikwaa wenzake wakiona, huenda amekosa vitamini A. Akipatwa na surua hali hiyo yaweza kumpofusha, au kumwua. Mtoto mwenye midomo na viganja vyeupe, achokaye upesi, ana upungufu wa damu. Wazee waliuita safura. Damu yake yaweza kupungua kwa kukosa chuma, au kwa malaria, au kwa minyoo inyonyayo damu tumboni, au kwa yote matatu pamoja. Rovu shingoni ni dalili ya kukosa madini joto. Nayo si aibu ya sura tu, kwa maana mama aliyepungukiwa sana na madini hayo aweza kuzaa mtoto mwenye akili iliyodumaa.

Hapa nawaomba walimu wasimame kidogo. Mtoto asinziaye darasani, asiyeshika somo leo wala kesho, mara ngapi ameitwa mvivu? Mara ngapi amechapwa? Chuma kikipungua mwilini, nguvu hupungua na usikivu hupungua. Fimbo haiongezi damu. Vivyo hivyo katika mafundisho ya dini. Kabla ya kumhukumu mtoto, tumwulize amekula nini.

Na akina mama wasihukumiwe bila kusikilizwa. Mahali pengi mtoto mwenye kwashakoo alidhaniwa amerogwa, au wazazi wake wamevunja mwiko, na lawama ikamwangukia mama. Mama huyo alikuwa analima, anachota maji, anapika, tena ana mimba nyingine. Na fedha ya kahawa hakuishika. Maneno ya kijiji yalimwongezea mzigo, wala hayakumwongezea mtoto hata kijiko kimoja cha maharagwe.

Yaliyotendeka na yaliyobaki

Msaada haukukosekana. Hospitali za misioni zimepokea watoto wetu miaka mingi: Ndolage, iliyoanzishwa na ndugu zetu Walutheri mwaka 1928; Rubya na Kagondo za Wakatoliki. Mwaka 1973 Serikali iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe. Tangu miaka ya 1990 chumvi imeamriwa kutiwa madini joto. Watoto wa miezi sita mpaka miaka mitano hupewa matone ya vitamini A mara mbili kila mwaka, na walio na mwaka mmoja na zaidi hupewa na dawa ya minyoo.

Lakini matone hayapiki chakula. Kazi iliyobaki ni yetu, nayo haitaki fedha nyingi. Mtoto anyonye maziwa ya mama tu mpaka miezi sita, kisha aendelee kunyonya huku akipewa chakula laini mpaka atimize miaka miwili au zaidi. Ndizi zake zipondwe pamoja na maharagwe, au na dagaa waliosagwa, na tone la mafuta. Viazi lishe vyenye rangi ya machungwa, maboga, mapapai na mchicha humpa vitamini A. Chumvi ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, itiwe chakula kinapokaribia kuiva. Chai na kahawa zisinywewe pamoja na mlo, kwa sababu huzuia chuma cha maharagwe na mboga kisiingie mwilini; tunda lenye uchachu likiliwa pamoja na mlo hukisaidia. Mwenye mimba ameze vidonge vya kuongeza damu apewavyo kliniki, alale ndani ya chandarua, naye apewe yai, kuku na senene bila kuogopa mwiko. Na baba auzapo kahawa, akumbuke chungu kabla ya kukumbuka lubisi.

Shuleni pawe na bustani, wala isiwe mahali pa adhabu. Iwe mahali pa kujifunza jinsi udongo unavyolishwa. Nyumba yenye mbuzi wawili au kuku kumi imekwisha kupata samadi ya kuanzia.

Katika sheria ya Musa mwaka wa Jubilei haukuwa wa nyimbo na karamu tu. Ilikuwa amri kwamba nchi ipumzike, na kila mtu airudie milki ya baba zake. Nchi yetu nayo yadai haki yake. Tumekitwalia kibanja mengi kwa muda mrefu, nacho kimetulipa kwa watoto wasiofika kimo chao. Basi tukirudishie samadi, majani na maharagwe, nasi tumrudishie mtoto sehemu yake katika chungu.